Takwimu za Serikali, Ufikiaji Salama wa
Ni utaratibu ambao mtafiti, akiisha kupewa idhini, huzichukua data za kaya kutoka katika hazina ya data ya serikali kwa programu ya kukokotoa takwimu, aghalabu R, iliyobuniwa New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman. Nchini Tanzania dhamana ya data hizo imo mikononi mwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 imeiwajibisha kutunza siri za watu.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hadhari hiyo ina uzito wa pekee. Kwani huko Yaeda Chini, waishiko Wahadzabe, jamii ya wawindaji walio wachache mno, kaya iliyoandikwa kwamba riziki yake ni asali na mawindo yaweza kutambulikana ijapokuwa jina limefutwa. Kwa sababu hiyo, katika tafiti za afya za kitaifa, alama za mahali husogezwa kwa makusudi, vijijini hadi kilomita 5, na chache hadi 10. Jambo la haki kabisa, ilhali apimaye athari za maporomoko yaliyoikumba Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 2023, hana budi kukumbuka kwamba nukta ya ramani si kijiji chenyewe.

Neno la siri la kuifungulia hazina hiyo ya data nalo haliandikwi kamwe ndani ya msimbo, maana msimbo hupokezanwa. Huwekwa katika faili iitwayo .Renviron, ambamo programu hulisoma kwa amri ya Sys.getenv, na faili hiyo hapewi mtu.