Dakika 13 za Mikumi

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi bila kulipa kiingilio. Kwa kilomita 50 hivi, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya hifadhi. Pembeni yake kuna mabango ya mwendo, na mengine yanaorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Mabango hayo yamezaliwa na ahadi mbili, na zote mbili zilikuwa njema.

Ya kwanza ilitolewa Arusha, Septemba 1961. Miezi mitatu kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitangaza kwamba nchi itawatunza wanyamapori wake kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mwaka 1964 Mikumi ikawa hifadhi ya taifa. Barabara ya Morogoro hadi Iringa ilikuwa tayari inapita hapo, lakini ilikuwa ya vumbi.

Ahadi ya pili ilikuwa kwa jirani. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa ikitegemea reli ya kusini kupitisha shaba na mafuta. Tanzania ikaifungulia bandari ya Dar es Salaam. Malori yakabeba mapipa ya mafuta kwenye matope na makorongo, na ajali zikawa nyingi hata njia ikabandikwa jina la jehanamu. Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakamilika 1975, na barabara nayo ikawekwa lami. Lami iliwaondolea madereva matope, ikawapa kasi.

Deni la kasi hiyo wanalilipa swala. Barabara inakatiza uwanda wa Mkata, penye malisho bora, na mnyama havuki kwa ujinga: hufuata majani na maji. Nyani hufuata maganda na mabaki ya chakula tunayorusha dirishani. Mzoga wa swala huwaita fisi na tai, nao wakagongwa papo hapo. Wala kifo hakiishii kwa wanyama. Nyati au twiga akigongwa na gari dogo usiku, huenda msiba ukawa wa familia nzima.

Wengine hupendekeza uzio. Lakini uzio ungeikata hifadhi vipande viwili, na kundi lililofungiwa upande mmoja lingekosa malisho ya upande wa pili. Kuihamisha barabara ni kazi ya fedha nyingi na miaka mingi.

Inabaki hesabu ndogo. Kikomo cha mchana ni kilomita 70 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 50 huchukua dakika 43. Ukikimbia 100, utatumia dakika 30. Umeokoa dakika 13, lakini gari sasa linakula meta 28 kila sekunde badala ya 19, na nishati ya kugonga imekuwa maradufu.

Zambia ilihitaji njia, na njia ikapatikana. Ahadi ile ya pili ilitimizwa zamani. Ile ya Arusha bado inadai, na anayedaiwa si serikali peke yake. Ni dereva, na ni sisi abiria tunaompigia kelele aongeze mwendo.