Moyo Ulipiga, Mgonjwa Akafa

Tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Daktari Christiaan Barnard alimpandikizia Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Ulimwengu ulishangilia. Siku 18 baadaye Washkansky alifariki dunia. Moyo mpya haukuwa na kosa. Kilichomuua ni nimonia ya bakteria, kwa maana dawa alizopewa ili mwili wake usiukatae moyo huo zilikuwa zimedhoofisha kinga yake.

Historia ya upandikizaji wa viungo husimuliwa kama historia ya mikono ya mabingwa wa upasuaji. Hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1954, mjini Boston, Joseph Murray alifanikiwa kupandikiza figo bila kuishusha kinga ya mgonjwa kwa dawa, kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana. Wasio na pacha wa namna hiyo hulazimika kuishi na kinga iliyopunguzwa makusudi, na kwa hiyo huhitaji mlinzi wa pili. Mlinzi huyo ni viuavijasumu.

Mlinzi huyo ana kazi nyingi. Mgonjwa aliyepandikizwa kiungo huwekewa mirija katika mishipa mikubwa ya damu na katika kibofu, naye ana kidonda kibichi cha upasuaji. Kila mrija ni njia ya kuingilia. Bakteria wakishafika katika damu, hali huweza kuharibika kwa saa chache, na homa ambayo kwa mtu mwingine ingetoa tahadhari huenda kwake isionekane. Daktari huanza tiba kabla ya majibu ya maabara kurudi. Akichagua dawa ambayo bakteria hao wameshaizoea, muda uliopotea haurudi.

Hatari hii ilitabiriwa mapema. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya 1945 kwamba atakayejinunulia dawa hiyo na kutumia kipimo pungufu angewazoesha vijidudu kuihimili. Methisilini ilianza kutumika mwaka 1959; kufikia 1961 bakteria sugu kwake walikwisha kuripotiwa Uingereza. Mwaka 2011, katika hospitali ya utafiti ya serikali ya Marekani iliyoko Bethesda, alipokelewa mgonjwa aliyewahi kupandikizwa pafu, akiwa na bakteria wa Klebsiella sugu kwa karibu dawa zote. Bakteria hao walienea hata wakapatikana kwa wagonjwa 18. Kati yao 11 walifariki, na vifo 6 vilihusishwa na bakteria hao.

Ndipo madaktari wakairudia kolistini, dawa ya zamani iliyokuwa imewekwa kando kwa kuwa hudhuru figo. Tafakari mtu aliyepewa figo na ndugu yake, kisha akatibiwa kwa dawa inayotishia figo hiyohiyo.

Hapa kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Ni hatua ya kujivunia, hasa tukikumbuka wagonjwa waliolazimika kusafirishwa hadi India. Lakini mtaani bado mtu hununua nusu dozi ya amoksilini bila cheti cha daktari, na hakuna anayemuuliza. Chumba kipya cha upasuaji hukatiwa utepe mbele ya kamera. Maabara ya kuotesha vimelea haina mgeni rasmi.

Mtumishi wa umma anayepanga bajeti ya afya aviweke vitu hivi viwili katika fungu moja. Figo ni mali ya aliyepewa, ilhali uwezo wa dawa kuua bakteria ni mali yetu sote, na anayeuchezea dukani leo humpunguzia mwenzake wodini kesho. Washkansky hakuukosa moyo. Alikosa kinga, na dawa za wakati wake hazikutosha kuziba pengo hilo. Sisi tunazo dawa nyingi zaidi kuliko yeye, nasi ndio tunaozimaliza nguvu.