Faragha ya Kiongozi katika Filamu ya Kihistoria: Mtazamo kutoka Mnazi Mmoja

Filamu ya kihistoria inayohusu maisha binafsi ya kiongozi hukabiliwa na tatizo la msingi. Nyaraka za serikali humweleza mtawala, lakini ni nadra kueleza alivyoishi na jamaa zake. Pengo hilo mtunzi hulijaza kwa ubunifu. Swali letu basi si iwapo anaruhusiwa kubuni, bali ni nani anayefutwa na ubunifu huo.

Tuchukue mfano wa The Last King of Scotland (2006), filamu ya Kevin Macdonald iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kuigiza nafasi ya Idi Amin. Daktari Nicholas Garrigan, ambaye kwa macho yake tunamwona Amin, ni mhusika wa kubuni aliyetoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Kay Amin, aliyefariki mwaka 1974, alikuwa mtu halisi. Hata hivyo, filamu inampa mapenzi na daktari huyo, na kifo chake kinakuwa tokeo la mapenzi hayo. Mwanamke aliyeishi anageuzwa kuwa kisa katika maisha ya mwanamume ambaye hakupata kuwapo.

Kwa maoni yetu, chanzo cha kasoro hii ni dhana finyu ya faragha: kwamba undani wa kiongozi umo chumbani tu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo yatufunza vingine. Ina baraza mbele, ukumbi katikati ya vyumba, na ua nyuma. Barazani na uani ni nyumbani, lakini si mafichoni. Humo hupita jirani, mpangaji, mgeni na habari.

Siasa za TANU zilipita humo pia. Chama kiliasisiwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao leo ni Lumumba, kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwaka 1955 Nyerere aliacha ualimu Pugu. Mohamed Said, katika wasifu wa Abdulwahid Sykes (1998), ameonyesha jinsi wenyeji wa mji walivyompokea majumbani mwao. Naye Susan Geiger (1997) ameeleza jinsi Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, alivyowaingiza wanawake chamani kupitia vikundi vyao vya ngoma.

Kwa hiyo, atakayetunga filamu ya maisha binafsi ya Nyerere hana haja ya kumbunia mapenzi. Akimfuata Mwalimu hadi uani, atawakuta waliompikia, waliomkaribisha na waliomwitia watu. Akiishia chumbani, hao watafutika mara ya pili, kwa kuwa nyaraka zilikwisha kuwaacha. Bibi Titi alifariki mwaka 2000. Wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kukusanya lugha ya barazani na uani wangali wapo wanaoikumbuka.