Nuru, Kivuli na Uso wa Mtu

Tarehe 19 Juni 1954, huko Kalenga, karibu na mji wa Iringa, Gavana Edward Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa fuvu lililosadikiwa kuwa la babu yake, Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kamera zilikuwepo. Mtawala ambaye hakuacha picha iliyothibitishwa ya uso wake, akapigwa picha akiwa mfupa.

Si kwamba kamera zilikuwa mbali na nyanda hizo. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo Rungwe, katika mkoa wa Mbeya wa leo, mwaka 1891, mwaka uleule Wahehe walipolivunja jeshi la Zelewski kule Lugalo. Picha za misheni yao zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani. Azitazamaye picha za zama hizo huona mara nyingi nguo nyeupe na kuta za chokaa zikimeta, na kati yake nyuso za wenyeji zimezama gizani.

Kosa si la nyuso. Vioo vilivyopakwa dawa ya fedha, vilivyotumiwa wakati huo, viliona vyema rangi ya buluu, lakini nyekundu havikuiona. Ndiyo maana msafishaji picha aliweza kufanya kazi chini ya taa nyekundu bila kuviharibu. Basi anga la buluu likatoka jeupe, na mawingu yakapotea humo. Udongo mwekundu wa Iringa ukatoka mweusi, na ngozi ya kahawia, ambayo ndani yake mna wekundu, ikatoka nyeusi kuliko ilivyo. Na pale mpiga picha alipoukadiria mwanga kwa kufuata shati jeupe, uso uliachiwa makombo.

Katika karne ya 20 zilienea filamu zenye kuziona rangi zote. Udhuru wa dawa ukaisha, ukabaki wa mkono. Atakaye picha bora ya nyeusi na nyeupe hana budi kuupima mwanga usoni, wala si nguoni. Amwondoe mtu katika jua la saa sita, amweke barazani, au angojee ukungu wa Mbeya, ambao huitandaza nuru kwa upole hata chini ya kope. Akitaka mawingu juu ya mlima Loleza, avike lenzi kichujio cha manjano. Na filamu iliyoupa uso mwanga wa kutosha ipunguziwe kidogo muda wake katika dawa, ili shati nalo lisipoteze nyuzi zake.

Lakini ubora una nusu ya pili. Katika picha nyingi za ukoloni, Mzungu ametajwa kwa jina, na waliosimama kando yake wametajwa kwa kabila au kwa kazi: mpagazi, askari, mpishi. Hakuna dawa wala kichujio cha kulirudisha jina lililoachwa. Penseli nyuma ya karatasi ingetosha.

Fuvu lile limewekwa ndani ya kioo katika makumbusho ya Kalenga, na jina lake linajulikana na wote. Wale wa vioo vya misheni wana nyuso, ingawa zina giza. Majina ya baadhi yao hayakuandikwa.