Dakika Kumi Juu ya Ikweta

Juzi nilikuwa stejini Kakamega, begi mgongoni, nikamwuliza makanga tutafika Kisumu saa ngapi. Akacheka. "Ikijaa tu, boss." Ilijaa baada ya dakika arobaini na ushee. Muda huo ndege niliyokuwa naikimbilia ingenitoa Kisumu ikanifikisha Nairobi.

Kinachochekesha ni kwamba Kakamega ina kiwanja chake cha ndege. Kutoka hapo hadi kile cha Kisumu, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 40. Ndege ndogo ya mwendo wa kilomita 240 kwa saa ingezimaliza kwa dakika kumi, tena ikivuka Ikweta, maana kiwanja kimoja kiko kaskazini mwake na kingine kusini. Sisi wa matatu tunapita Khayega, Chavakali, Mbale, Majengo na Kiboswa, tukisimama kila penye mtu aliyeinua mkono.

Nilipokuwa nimebanwa dirishani nikamkumbuka marehemu kukhu. Alikuwa akisimulia kwamba babake aliamka asubuhi moja akakuta vigingi katikati ya mtama wake. Hakuna aliyekuwa amebisha hodi.

Mwaka ulikuwa 1931 au 1932, na hapo ndipo hizi kilomita 40 zinapoacha kuchekesha. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za ndege kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ikawa mojawapo ya vituo. Reli ilikuwa imefika hapo tangu 1901. Sasa barua iliyochukua majuma baharini ilichukua siku tu. Mwaka huo huo dhahabu ikagunduliwa Kakamega, na Wazungu wakamiminika kwa mamia.

Kulikuwa na sheria ya 1930 iliyosema ardhi ya Waafrika ni yao daima. Ikichukuliwa sehemu, baraza la wenyeji lielezwe kwanza, na ardhi nyingine itolewe badala yake. Daima hiyo ilidumu miaka miwili. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa: si lazima kuwaeleza, si lazima kutoa ardhi, pesa zinatosha. Mapema 1933 Bunge la Uingereza lilikuwa likibishana juu ya jambo hilo. Yaani shamba la babake kukhu lilijadiliwa London, na yeye mwenyewe, aliyekaa mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Kisumu, hakuulizwa.

Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Jina limebaki kwenye mtaa, na bado kuna vijana wanaoshuka mashimoni kwa kamba na tochi. Siku hizi dhahabu inazungumziwa tena Ikolomani, na wenyeji wanauliza swali la babake kukhu: nani ataulizwa kabla ya vigingi?

Tulipofika Kiboswa, ziwa likang'aa kwa mbali chini ya mteremko. Nikaiona ndege ikipaa, ikageuka kuelekea Nairobi. Yangu. Makanga akanitazama akasema, "Pole, boss. Si ungeondoka jana?"

Sikumjibu. Ila nilijua hata babake kukhu angeondoka jana, vigingi vingemtangulia. Kisumu haikuwa mbali. Ni yeye tu ambaye hakuwekewa kiti.