Pikapu ya njia zetu



Vita ya 1996 ilivusha wengi wetu Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Mwaka 2005 HCR ilianza kuturudisha kwa meli. Lakini meli ilituacha Baraka. Kutoka pale hadi vijijini ilibaki njia ya matope, na madaraja mengine yalikuwa yameenda na maji.

Kwa njia za namna hiyo Land Cruiser ya aina ya 70, iliyotoka Japani mwaka 1984, ilijipatia jina. Shasi yake ni nzito, na mota ya mazutu ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Mazutu ya bidoni, ikichujwa, inaivumilia, na fundi wa Uvira anaifungua kwa funguo zake za kila siku.

Pikapu mpya zinakimbia na kunywa kidogo, ni kweli. Ila zikigoma zinaomba mashine ya kupima, na kijijini haiko.

Ndiyo maana tunapendekeza mchango wetu ununue ile ya pole pole. Mama wa uzazi akibebwa usiku, gari likizimika mtoni, hakuna lingine nyuma yake.