Virusi Vilivyopunguzwa Makali

Anayehariri makala ya chanjo ya matubwitubwi katika kamusi elezo ya Kiswahili hukwama mapema, mara tu anapotakiwa kusema chanjo hii ni ya namna gani. Ndani ya kichupa mna virusi vya ugonjwa wenyewe, tena vi hai, ila vimeshafanyiwa kazi hata haviwezi tena kumlaza mtoto. Lugha za Ulaya zina neno moja la kazi hiyo. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kukifanya kitu kiwe chembamba. Louis Pasteur ndiye aliyelitia katika tiba ya chanjo, alipokuwa akichunguza kipindupindu cha kuku karibu na mwaka 1880. Kwetu sisi yako maneno matatu yanayogombea kiti hicho: kudhoofisha, kufubaza na kupunguza makali. Mimi nalishika la tatu, na sababu zangu ni hizi.

Jina la ugonjwa lenyewe halina taabu kubwa. Ni matubwitubwi, wengine husema machubwichubwi, na kamusi zina pia perema. Kichwa cha makala kiwe matubwitubwi, na hayo mengine yatajwe palepale mwanzoni, ili anayelitafuta kwa jina la nyumbani kwao asipotee. Neno chanjo nalo limekomaa siku nyingi. Limezaliwa na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo kwa wembe, kama mganga achanjavyo chale na kupaka dawa, na ndivyo ndui ilivyokingwa zamani. Leo mtoto huwekewa matone ya polio mdomoni, na mama husema bila kusita kwamba mwanawe kachanjwa. Neno limeuacha wembe nyuma na kubaki na kinga. Istilahi nzuri huenda hivyo: huanza na kitu kinachoshikika, kisha matumizi huikuza.

Kudhoofisha ndilo neno linaloandikwa zaidi. Utalikuta katika vitabu vya afya: virusi hai vilivyodhoofishwa. Si kosa, lakini tazama linavyosemwa huku pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga mpaka Pangani. Amedhoofu ng'ombe aliyekosa malisho. Amedhoofu mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu. Na aliyedhoofu, akipata uji na matunzo, hurudi katika siha yake. Basi mama akisoma kwamba mwanawe atadungwa virusi vilivyodhoofishwa, ana haki ya kuuliza: je, vikipata chakula ndani ya mwili wa mwanangu havitanenepa vikamrudia? Swali hilo limeletwa na neno tulilompa, wala halitokani na ujinga wake.

Tena neno kudhoofisha halilingani na lililotendeka maabara. Virusi vya chanjo ya matubwitubwi iliyoenea zaidi duniani vina jina la mtoto. Machi 1963, huko Philadelphia, Jeryl Lynn Hilleman, msichana wa miaka 5, alimwamsha baba yake usiku akilalamika koo, na shavu limevimba. Baba yake, Maurice Hilleman, alikuwa mtafiti wa chanjo katika kampuni ya Merck. Alimrudisha kitandani, akaenda maabara kuchukua vifaa, akarudi kumpangusa kooni na kuipeleka sampuli ikagandishwe. Baadaye virusi vile viliatamishwa katika mayai ya kuku yenye vifaranga ndani, kisha katika chembe za vifaranga hao. Vilivyozaliwa vilihamishiwa katika chembe nyingine, na vya huko vikahamishiwa kwingine tena, kizazi kwa kizazi. Kila hatua virusi vilizidi kumzoea kuku na kumsahau mwanadamu. Mwaka 1966 mdogo wake Jeryl, Kirsten, alikuwa miongoni mwa watoto waliochanjwa kwa virusi vilivyotoka kooni kwa dada yake, na mwaka 1967 chanjo ikapata kibali Marekani.

Virusi hivyo, basi, havikukondeshwa wala kunyimwa chakula. Katika chembe za kuku vinastawi vizuri sana. Kilichopungua ni uwezo wao wa kumdhuru binadamu, na uwezo wa kudhuru Kiswahili kinauita makali. Upanga una makali, pilipili ina makali, jua la saa saba lina makali, na ugonjwa nao una makali yake. Kisu kilichosuguliwa makali yakaisha hubaki na umbo lake lote, mpini na bapa, na ukikigusa gizani utajua kuwa ni kisu. Ndivyo mwili unavyovitambua virusi vya chanjo. Unaliona umbo, unatengeneza kingamwili za kulipiga, na siku virusi vyenye makali vikija vinakuta askari wako langoni. Kudhoofisha hakulisemi hilo. Kupunguza makali kunalisema kwa maneno mawili tu.

Tena kitenzi kiwe kupunguza, kisiwe kuondoa. Hapa historia ya chanjo yenyewe inatusaidia, na mhariri asiiruke. Zipo aina kadhaa za virusi vya chanjo ya matubwitubwi, na hazikupunguzwa kwa kiasi kimoja. Aina iitwayo Urabe, iliyotengenezwa Japani, ilibakiwa na makali zaidi ya yanayovumilika: watoto wachache waliochanjwa walipata uvimbe wa utando wa ubongo, ambao wengi tunauita homa ya uti wa mgongo, na mwaka 1992 Uingereza ikaacha kuitumia. Aina ya Rubini, ya Uswisi, ilikwenda upande wa pili. Ilikuwa butu mno, haikukinga vya kutosha, na Shirika la Afya Duniani likashauri isitumike katika mipango ya taifa. Aina ya Jeryl Lynn inasimama katikati: dozi moja hukinga karibu watu 8 katika 10, na dozi mbili karibu 9. Msomaji aliyepewa neno makali ataifuata habari yote hii bila kuhitaji maelezo ya ziada, kwa sababu makali ni kitu cha kuzidi na kupungua.

Kuna pingamizi moja la kweli, na nalipa uzito. Tanzania nzima inazijua dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ambazo pia huitwa dawa za kufubaza. Kufubaza ni neno zuri. Kanga iliyofuliwa sana hufubaa rangi, na mche uliokosa mbolea hufubaa. Lakini limeshaolewa na Ukimwi, kiasi kwamba ukiandika virusi vilivyofubazwa, msomaji ataufikiria ugonjwa mwingine kabisa. Je, kupunguza makali si hivyo hivyo? Nusu ni hivyo. Tofauti imo katika kitenzi. Dawa ya Ukimwi inapunguza makali: inafanya kazi leo, ndani ya mwili wa mgonjwa, na akiiacha makali yanarudi. Virusi vya chanjo vimepunguzwa makali: kazi imekwisha maabara kabla kichupa hakijafungwa. Kwa hiyo istilahi ibaki na umbo lake la kutendwa, la jambo lililokwisha, yaani chanjo ya virusi hai vilivyopunguzwa makali. Ni ndefu, nakubali. Ikishatajwa mara moja kamili, makala yote inaweza kuendelea na virusi vya chanjo.

Wako wanaotaka neno hai litolewe kwa kuwa linatisha. Mimi nasema libaki. Ni kwa sababu virusi vi hai kwamba chanjo hii hapewi mjamzito, wala mtu ambaye kinga yake imeanguka sana. Ni kwa sababu hiyo pia kwamba muuguzi huchukua unga mkavu wa chanjo za jamii hii, ya surua ikiwemo, akauchanganya na maji yake maalumu, akaurudisha kwenye boksi la baridi, na saa 6 zikipita anatupa kilichobaki hata kama watoto hawajaisha kwenye foleni. Mama anayeona kichupa kikitupwa anastahili kujua sababu. Na si kila chanjo ni hai. Korogwe, mkoani humu humu Tanga, ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Chanjo ile haina kimelea hai hata kimoja, ina kipande cha protini yake tu. Kamusi elezo ikilificha neno hai, chanjo hizi mbili zitaonekana sawa.

Sehemu inayonisumbua kuliko zote haihusu neno moja. Makala inayotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya husema kwamba chanjo ya matubwitubwi hutolewa pamoja na ya surua na rubella katika sindano moja. Ni kweli kwa Uingereza, inayofanya hivyo tangu 1988, na ni kweli kwa Oman, ambako ndugu zetu wengi wanalea watoto wakisema Kiswahili nyumbani. Mama wa Ngamiani au Makorora, hapa Tanga mjini, akisoma hivyo, kisha akaifungua kadi ya kliniki na kuona surua-rubella imetiwa alama, ataamini mwanawe amekingwa yote matatu. Hakukingwa. Tanzania ilianza kutoa surua-rubella mwaka 2014, na ndani yake hamna matubwitubwi. Uamuzi kama huo una hesabu yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba nchi iiongeze chanjo hii pale ambapo chanjo za surua na rubella zinawafikia watoto zaidi ya 80 katika kila 100, tena kwa uthabiti. Ikiwafikia wachache, virusi huzunguka polepole, na ambao hawakuchanjwa huugua wakiwa wamekwisha balehe. Umri huo matubwitubwi huweza kuvimbisha korodani, na maumivu yake si ya kitoto.

Kwa hiyo mhariri asiishie kutafsiri. Chini ya maelezo ya sindano ya tatu kwa moja aongeze sentensi ambayo makala ya Ulaya haikuwa na haja nayo: katika mpango wa taifa wa Tanzania, chanjo wanayopewa watoto wa miezi 9 na wa miezi 18 ni ya surua na rubella, nayo haikingi matubwitubwi.